Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: moyo ulioshonwa Kigali unaishi Gisenyi

Kwa Mheshimiwa Dkt. Sabin Nsanzimana,
Waziri wa Afya, Jamhuri ya Rwanda,
Kigali.

Mheshimiwa Waziri,

Naomba uniruhusu mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Gisenyi, nikuandikie hadharani. Ningependa zaidi kuja mwenyewe, nipige hodi ofisini kwako na kusubiri mpaka niitwe. Lakini jambo lenyewe si langu peke yangu, na wenzangu katika jambo hili wengi hawana nguvu za kusafiri. Nimeona heri liandikwe mahali ambapo nao watalisoma na kunisahihisha nikipotoka. Ikiwa kufanya hivi ni kukosa adabu mbele ya mkubwa, niwie radhi tangu sasa, maana nia yangu ni njema na heshima yangu kwako haina doa.

Nitangulize shukrani, nisije nikaonekana nimekuja kulalamika. Wanaoikumbuka Rwanda ya miaka kama 15 iliyopita wanajua kwamba mtu aliyeharibika vali ya moyo alikuwa na njia mbili, kupelekwa ng'ambo au kungoja wageni. Ng'ambo ilikuwa India, au Khartoum, kwenye kituo cha Salam kilichofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Emergency la Italia, ambako Waafrika wa nchi nyingi walipasuliwa moyo bila kutozwa kitu. Wageni walikuwa madaktari wa Australia, wa Ubelgiji, wa Spokane nchini Marekani, na wale wa Team Heart ya Boston walioanza kuja mwaka 2008. Walifika Hospitali ya King Faisal na masanduku yao, wauguzi wao na nyuzi zao za kushonea, wakafanya kazi kwa wiki moja au mbili bila kupumzika, kisha wakaaga. Mungu awalipe kila jema. Hata hivyo, orodha ya waliohitaji ilikuwa ndefu kuliko orodha ya waliopata, na aliyeachwa aliambiwa asubiri mwaka ujao, naye ana ugonjwa usiojua kusubiri.

Leo tunaye Dkt. Maurice Musoni, mtoto wa nchi hii, aliyesomea upasuaji wa moyo na kifua Afrika Kusini akarudi nyumbani. Kuanzia mwaka 2022, King Faisal inafungua kifua cha Mnyarwanda na kukifunga bila kungojea ndege ya mtu. Tunasikia pia habari za kituo kikubwa cha moyo kinachoandaliwa Kigali kwa ushirikiano na Profesa Magdi Yacoub, yule Mmisri aliyeanzisha kituo cha Aswan. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mituweli, bima ya afya ya jamii, igharamie matibabu ambayo mwenye mituweli alikuwa akiyasikia kwa mbali tu, ukiwemo upasuaji wa moyo na upandikizaji wa figo. Sisi ambao kwa miaka mingi tumelipa faranga 3,000 kwa kichwa tulishindwa kuamini masikio yetu. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wengi, alinijia akaniuliza kama kweli redio imesema moyo, au yeye amesikia vibaya. Nikamwambia imesema moyo. Akakaa chini akalia.

Kwa hayo yote tunakushukuru, wewe na waliokutangulia, na hatuna namna ya kukulipa ila dua.

Sasa naomba idhini ya kusema lililonileta.

Ninaye binti wa kaka yangu niliyemlea tangu utotoni. Ameniruhusu niandike habari zake, jina lake nimeliacha. Alikuwa akiuza samaki wa sambaza karibu na ziwa, na kila jioni akipanda kwenda nyumbani na beseni lake. Ikafika wakati akawa anasimama njiani kuvuta pumzi. Kisha akawa hawezi kulala chali, analala ameegemea mito. Kisha akakohoa, na kikohozi kikatoa damu.

Mheshimiwa, mji wetu haukosi sababu za mtu kukosa pumzi. Tunaishi karibu mita 1,500 juu ya bahari, chini ya Nyiragongo, na moshi wa volkano ukielekea kwetu watu wote tunakohoa. Kuna baridi ya alfajiri, kuna kuni na makaa jikoni, kuna kifua kikuu. Tena wapo watakaokunong'oneza kwamba binti ana biashara nzuri na kuna jicho limemwangukia. Kwa hiyo alitibiwa pumu. Akapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Akapimwa tena, hakikuonekana, na bado watu waliendelea kumshuku. Ulipita muda mrefu kabla daktari mmoja kijana hajamwekea kipima mapigo kifuani, akatulia, akaomba kimya chumbani, akasikiliza tena. Daktari huyo namwombea maisha marefu. Alisikia kelele ya vali, na ultrasound ya moyo ikathibitisha.

Wewe ni daktari, na kukueleza haya ni sawa na kumfundisha samaki kuogelea. Naomba tu uvumilie niwaelezee wasomaji wengine, maana wapo ambao watoto wao wana ugonjwa huu sasa hivi na hawajui. Unaanzia kooni. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anapata mafindofindo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoka. Asipotibiwa, kinga ya mwili inayopigana na bakteria yule inaweza kupotea njia na kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Magoti yanavimba, kisha yanapona, na nyumbani wanasema ni ukuaji. Homa ikirudi mara kwa mara, vali za moyo zinapata makovu, zinakakamaa na kushikana. Vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto ikibana, damu inayotoka mapafuni inakosa pa kupita, inarudi nyuma, na mapafu yanajaa maji. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo anakuja analalamikia kifua, na anatibiwa kifua.

Binti wangu alikwenda Kigali. Walimlaza, wakampasua mfupa wa kati wa kifua, wakaunganisha mishipa yake mikubwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, inayotoa damu mwilini, kuitia hewa na kuirudisha. Wakausimamisha moyo wenyewe kwa dawa yenye potasiamu. Kwa saa kadhaa uhai wake ulikuwa katika mipira na pampu, chini ya mikono ya watu ambao wengi wao ni wa umri wa wanafunzi niliowafundisha. Wakaikata vali mbovu, wakashona mpya ya chuma, wakauamsha moyo. Alirudi Gisenyi ana kovu refu kifuani na pumzi ya kutosha. Kukiwa kimya usiku chumbani mwake, vali ile ya chuma inasikika ikigonga.

Lililonifanya nishike kalamu ni yaliyofuata.

Vali ya chuma haikubaliwi na damu. Damu ikiigusa hutaka kuganda juu yake. Kwa hiyo mwenye vali hiyo humeza dawa ya warfarini kila siku ya maisha yake, na dawa hiyo haina dozi moja inayomfaa kila mtu. Ikipungua, damu inaganda, na bonge linaweza kuiziba vali au kupanda kwenye ubongo likaleta kiharusi. Ikizidi, mtu anatokwa damu puani, tumboni au kichwani. Katikati ya hatari hizo kuna kipimo cha kuganda kwa damu kiitwacho INR. Kwa mtu asiyetumia dawa hiyo ni kama 1, na kwa mwenye vali ya chuma mahali ilipo ya binti wangu madaktari wanataka kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Kipimo kinasogezwa na mambo madogo kabisa. Dawa ya malaria, dawa za maumivu zinazouzwa dukani, kuharisha siku mbili. Hata mboga: wiki nzima ya sombe na dodo baada ya wiki ya viazi na maharage inatosha kukishusha. Anayeishi na vali hiyo anahitaji kupimwa mara kwa mara, kila mwezi au zaidi, mpaka mwisho wa umri wake.

Mheshimiwa Waziri, kwa unyenyekevu mkubwa naomba upime uzito wa sentensi hiyo ya mwisho kwa mtu anayeishi hapa. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 150. Basi linapanda Mukamira, linapita Musanze, linazunguka kona za Buranga, linashuka Shyorongi hadi Nyabugogo, na msimu wa mvua mlima ukiporomoka barabarani mnalala njiani. Anayekwenda kupima damu anapoteza siku ya biashara, nauli, chakula, na mara nyingi anahitaji wa kumsindikiza. Yote hayo kwa tone moja la damu.

Sisemi kwamba hapa kwetu hakuna lolote. Wauguzi wetu wanafanya kazi kubwa na sipendi barua hii iwaguse hata kwa ncha ya kucha. Nasema tu yaliyotukuta. Kuna hospitali moja, ambayo sitaitaja wala haina haja ya kutafutwa, ambako tuliambiwa kipimo kipo lakini vitendanishi vimekwisha, turudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata jibu likawa lile lile. Mwezi ule binti wangu alimeza dawa kwa kukisia. Alhamdulillahi, alisalimika. Namjua pia kijana mmoja wa upande wa Nyamyumba aliyepasuliwa kabla yake, ambaye alipochoka na nauli aliacha kwenda, na baadaye akaacha na dawa. Leo mkono wake wa kulia haufanyi kazi na maneno hayamtoki vizuri. Moyo wake ni mzima, vali inafanya kazi. Kazi yote ile ya King Faisal, na gharama yote ile ya serikali, imeishia kwa kijana anayelishwa na mama yake.

Ndiyo maana nathubutu kusema, kwa heshima zote, kwamba upasuaji wa moyo haumaliziki mgonjwa anaposhonwa. Nusu yake inafanyika huku kwetu, na nusu hiyo haina mahali pake.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Tunaomba siku moja kwa wiki, hapa Gisenyi, iwe siku ya moyo. Iwe na muuguzi aliyefundishwa kusoma INR na kurekebisha dawa kwa maelekezo ya daktari wa Kigali kwa simu. Iwe na kimashine kidogo kinachochukua tone la damu kidoleni, kama kile cha sukari, na kutoa jibu mgonjwa akiwa bado amekaa. Na vipande vya kupimia visikatike. Ikiwa siku hiyo tayari iko kwenye mipango ya Wizara, basi naomba radhi kwa haraka yangu, na ninaomba tu ifike mapema.

Sijui hesabu za Wizara, na si adabu kumhesabia mtu mfuko wake. Ila nimeona jinsi serikali yetu inavyofanya jambo inapoamua. Tangu mwaka 2016 ndege zisizo na rubani zinaruka kutoka Muhanga kupeleka damu kwenye hospitali za milimani. Mwaka 2024 homa ya Marburg ilipoingia, uliongoza kazi ile mchana na usiku, na kabla ya mwaka kwisha tukatangaziwa kwamba imemalizika. Nchi iliyoweza hayo haitashindwa na boksi la vipande vya kupimia damu linalotosha kwenye mkoba wa mwalimu.

Tena mfano hatuhitaji kuuazima nje. Huko Rwinkwavu, Kirehe na Butaro, Wizara yako pamoja na shirika la Partners In Health iliwafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya kushika ultrasound, kuangalia moyo, kutambua aina ya ugonjwa, kumwanzishia mgonjwa dawa na kumfuatilia baada ya upasuaji. Walifanya hivyo kwa miaka mingi, mashambani, mbali na mabingwa, na madaktari wa nchi nyingine wakaja kujifunza. Tunachoomba kwa wilaya yetu ya Rubavu ni kile ambacho wilaya za hospitali hizo, Kayonza na Burera zikiwemo, zilikwisha kukionja.

Naomba uniruhusu sasa nizungumze habari ya wasichana, kwa kuwa mimi ni shangazi na haya ndiyo ninayoulizwa jikoni.

Ugonjwa huu hupenda kuonekana zaidi kwa wanawake, na wanapasuliwa wakiwa katika umri wa kuolewa na kuzaa. Kuna vali ya chuma, inayodumu, lakini inataka warfarini. Kuna vali inayotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au ya nguruwe, isiyotaka warfarini ya maisha yote, lakini kwa kijana huchakaa baada ya miaka, na kifua kinafunguliwa tena. Warfarini nayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya kwanza, na kuibadilisha kwa sindano kunahitaji uangalizi wa karibu sana, maana mimba yenyewe inaongeza hatari ya damu kuganda. Binti akirudi kijijini na vali ya chuma, mwaka unapopita bila mtoto, mama mkwe anaanza kuuliza. Mume anaanza kunyamaza. Wapo wanaoficha tembe zao. Wapo wanaoziacha kimya kimya ili wapate mimba, na hawamwambii mtu, kwa sababu wa kumwambia yuko Kigali.

Madaktari wanaeleza haya kabla ya upasuaji, najua, na wanaeleza vizuri. Lakini msichana anayekufa kwa kukosa pumzi atakubali vali yoyote utakayompa. Maswali yanakuja baadaye, akiwa mzima, akiwa amependa. Siku ya moyo tunayoiomba iwe pia mahali pa maswali hayo. Awepo mkunga anayejua maana ya warfarini. Mume akaribishwe, na mama mkwe akaribishwe zaidi, aelezwe na mtu mwenye koti jeupe, maana mimi nikieleza wanaona namtetea mtoto wangu. Na msichana apewe njia ya uzazi wa mpango inayomfaa mpaka yeye na daktari wake wakubaliane juu ya wakati. Najua ninaingia mambo ya ndani ya nyumba za watu. Nisamehewe, yanaua.

Sasa nirudi kwenye koo, ugonjwa unakoanzia. Nimefundisha miaka mingi, na kila msimu wa mvua nilikuwa na madawati ya watoto wanaomeza mate kwa shida. Hapa kwetu mtoto akiumwa koo, mama huanza na chumvi na maji ya uvuguvugu, kisha ndimu na asali. Hayo hayana ubaya. Ubaya ni kwamba akiendelea kuumwa, kuna mtu atamshauri ampeleke kwa mzee fulani akatwe kilimi. Mtoto anarudi na kidonda kooni, na bakteria bado wapo. Madaktari wetu wenyewe, Dkt. Joseph Mucumbitsi akiwa miongoni mwao, waliwahi kuwapima kwa ultrasound wanafunzi karibu 2,500 wa wilaya ya Gasabo, wakakuta takriban 7 katika kila 1,000 wana ugonjwa huu wa vali. Gasabo si Rubavu. Lakini niliposoma habari hiyo, nilifikiria shule zetu zenye wanafunzi zaidi ya 1,000, nikaanza kuzipitia sura nilizozifundisha.

Watoto kama hao, wakitambuliwa kabla vali hazijaharibika sana, wana dawa ya zamani na ya bei nafuu, sindano ya benzathini penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Sindano hiyo inauma, na mtoto anayejisikia mzima haoni kwa nini achomwe. Mwezi ukiwa na tukio, sindano inarukwa. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka na matetemeko yakapasua nyumba na barabara za mji wetu, nani alikumbuka tarehe ya sindano? Mei 2023 mto Sebeya ulipofurika usiku, katika maafa yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini, familia nyingi zilihamia kambini, watoto wakilala wamebanana, na kubanana ndiko streptokoka anakokupenda. Kukiwa na daftari moja mahali pamoja, lenye majina ya watoto wote wa sindano na wote waliopasuliwa, mshauri wa afya wa mudugudu angeweza kugonga mlango na kuuliza, mama, mtoto alikwenda? Washauri wa afya tunao kila mahali, wanatujua kwa majina, na malaria wameipiga vita kwa mtindo huo huo. Wapewe na orodha hii.

Hapa kwetu pia kuna mpaka na Kongo. Kila asubuhi lango la mpakani la Petite Barrière linapitisha akina mama maelfu wenye nyanya, maziwa na kuku, na jioni linawarudisha. Koo la mtoto wa Goma, ng'ambo ya mpaka, na koo la mtoto wa Mbugangari hapa kwetu yanagusana bila kuonyesha kitambulisho. Mambo ya wakubwa wa pande mbili mimi siyaingilii. Naomba tu mtoto aliyeletwa kwenye siku ya moyo apimwe kwanza, aulizwe anatoka wapi baadaye.

Kuhusu mapafu nina neno fupi. Dkt. Musoni na wenzake ni wapasuaji wa kifua kizima, na kuna wagonjwa wa huku wanaowahitaji kwa ajili ya mapafu peke yake: aliyejaa usaha kati ya pafu na ubavu, aliyebakiwa na pafu lililooza baada ya kifua kikuu sugu na linahitaji kuondolewa kipande. Hao hucheleweshwa kwa sababu kifua kikuu kinaonekana ni ugonjwa wa tembe, haufikiriwi kuwa wa kisu. Na kwa wale walio kama binti wangu naomba agizo moja liende kwenye vituo vyote vya afya, kwa maneno mepesi: mtu akikohoa damu na kipimo cha kifua kikuu kisione kitu, asikilizwe moyo kabla hajarudishwa nyumbani. Haligharimu hata faranga. Linahitaji kipima mapigo, na muuguzi aliyeambiwa kwamba anaruhusiwa kushuku.

Lipo pia jambo la karatasi, nalo naligusa kwa woga. Mwenye mituweli anaanzia kituo cha afya, anapewa transferi ya hospitali ya wilaya, kutoka hapo transferi ya hospitali ya rufaa, kutoka hapo King Faisal. Utaratibu huo una hekima yake na unalinda fedha za wote. Ila kwa mtu aliyekwisha kupasuliwa, ambaye moyo wake umesajiliwa na vali yake ina namba, kuanza upya ngazi ya kwanza kila anaposhikwa na homa ni hatari, kwa sababu homa kwa mwenye vali ya bandia inaweza kuwa bakteria waliokaa juu ya vali yenyewe, na hapo kila siku ina thamani. Tunaomba wapewe kadi ya kuwapitisha moja kwa moja. Na ile asilimia 10 anayochangia mgonjwa hospitalini, ambayo kwa malaria ni ndogo, kwa upasuaji wa moyo inaweza kuwa ng'ombe na kiwanja. Ikiwa upo mfuko wa kuwasaidia wasio na ng'ombe wala kiwanja, tunaomba watu waelezwe mapema, wakiwa bado Rubavu, maana wapo wanaokataa transferi kwa kuogopa bili ambayo hawajaiona.

Nimekuchosha, Mheshimiwa, na ninajua meza yako ina barua za watu wazito kuliko mimi. Sikuombi uje, ingawa ukija tutakupokea kwa mikono miwili. Sikuombi jengo. Chumba kinapatikana, hata darasa la shule yangu ya zamani lina nafasi siku za Jumamosi, na mwalimu mkuu amenihakikishia. Binti wangu na wenzake wenye makovu kifuani wamejitolea kuwapokea wagonjwa wapya, kuwafundisha kuandika namba zao za INR kwenye daftari na kuwaambia ni dawa gani za dukani wasiziguse. Wanayajua hayo kuliko mtu yeyote mjini hapa.

Jibu lako, hata likiwa la kutuomba tungoje, tunaomba lifikishwe kwa Mkurugenzi wa Hospitali ya Gisenyi na libandikwe mlangoni kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ili wenye vali waliosambaa kutoka Nyamyumba hadi Bugeshi walione siku wanapofuata dawa. Na likiwa la ndiyo, liandikwe pia tarehe ya siku ya kwanza, waache nafasi katika shughuli zao.

Wako mtiifu, mwenye heshima nyingi na dua za kila siku,

Mwalimu mstaafu na shangazi wa mwenye vali,
Gisenyi, Wilaya ya Rubavu.